RAM Nzima, Laptop Nzima, Skrini Nyeusi

“Juzi nilikuwa na mashine inayowaka. Nikanunua RAM hapa kwenu, nikaiweka, sasa haiwaki kabisa. Nirudishieni pesa yangu, kisha mniambie mashine yangu imepatwa na nini.”

Mjadala unaanzia hapo, juu ya kaunta ya duka la vipuri katika mojawapo ya majengo ya maduka yaliyobanana katikati ya Kampala, kati ya William Street na Old Taxi Park. Washiriki ni wanne, na hawana majina kwa sababu si watu mahususi. Ni sauti za kaunta hizo, ambazo makala haya yamezikalisha pamoja zimalize ugomvi wao. Yupo mama mfasiri, mzaliwa wa Bukavu na mkazi wa Nsambya, ndiye mwenye laptop. Yupo kijana muuzaji wa vipuri, mtoto wa mjini. Yupo fundi wa makamo aliyejifunzia kazi Nairobi. Kando yake, akisubiri printa yake itengenezwe, amekaa mwalimu wa chuo kutoka Tanzania. Kila mmoja amekipata Kiswahili chake kwa njia yake, na kwa ubishi huu kinatosha.

Laptop yenyewe ni HP EliteBook 840 G1, mashine ya ofisi ya miaka ya 2013 na 2014, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne. Ina sloti mbili za RAM. Moja ilikuwa na kadi ya GB 4, nyingine ilikuwa tupu. Mama alinunua kadi ya pili ya GB 4, mdogo wake akaifunga nyumbani usiku. Tangu hapo feni inazunguka, skrini ni nyeusi, na taa ya Caps Lock inakonyeza.

“Nnyabo, mimi nakuheshimu,” kijana anajibu. “Lakini RAM niliyokupa ilikuwa nzima. Na soma risiti: bidhaa ikishauzwa hairudi.”

“Risiti si sheria, kijana wangu,” mwalimu anachomekea, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Fundi hajainua macho. “Mnagombania maiti, na hakuna aliyemshika mgonjwa mshipa. Mama, ilipokataa kuwaka, mlifanya nini?”

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mama anaeleza kwamba mdogo wake aliitoa kadi mpya, akaiacha ya zamani peke yake, na bado mashine haikuwaka. Kijana anaruka kama aliyepewa ushindi. “Mnaona? RAM yangu haimo ndani na mashine bado imekufa! Basi tatizo si RAM yangu. Ni aliyeifungua. Ameunguza ubao mama.”

Hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyopendeza kuikubali. Mtu akiondoa kilichoongezwa na ugonjwa ukabaki, ni haki kuuliza kama kilichoongezwa ndicho kilicholeta ugonjwa. Udhaifu wake ni kwamba inadhani mdogo wake mama alirudisha kila kitu kilivyokuwa. Hakuna aliyelithibitisha hilo.

Fundi analichunguza kwa mikono. Anachomoa chaja, anafungua mfuniko wa chini, anatoa betri, kisha anabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 30 nzima. Kijana anacheka: “Huo sasa ni uganga.” Mwalimu anamkatalia. Ndani ya ubao mama mna vihifadhi umeme vidogo vidogo vinavyobaki na chaji hata waya ukishatoka, na kichipu kinachosimamia uwashaji kinaweza kung'ang'ania hali ya hitilafu mpaka umeme huo uishe. Kubonyeza kitufe bila umeme humaliza mabaki hayo. Hakuna uganga ndani yake, na makampuni yenyewe hushauri hivyo.

Kisha fundi anainamisha taa. “Njoo uone, mama. Unaona mstari wa dhahabu?”

Mstari unaonekana, na haukupaswa kuonekana. Kadi ya RAM ya laptop huingizwa ikiwa imeinama, husukumwa mpaka meno yake ya dhahabu yamezwe na sloti, ndipo inalazwa chini hadi klipu za pande zote mbili zilie. Hii ya zamani, iliyorudishwa usiku kwa hasira, imefungwa na klipu ya kushoto pekee. Ya kulia inaelea. Mdogo wake mama hakuunguza kitu. Aliirudisha kadi nusu.

Fundi anaitoa na kutafuta raba ya shule ili asugue meno. Ugomvi mwingine unazuka hapo hapo, wa watu wawili tu. Mwalimu anasema raba hula ile dhahabu nyembamba na kuacha unga ndani ya sloti, kwa hiyo itumike spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, na kitambaa kisichoacha nyuzi. Fundi anajibu kwamba raba laini, kwa mkono mwepesi, haijamwangusha miaka yote hiyo. Kwa kanuni za kazi, mwalimu ana haki. Kwa kinachofanyika Kampala, Kariakoo ya Dar es Salaam au River Road ya Nairobi, raba bado ni mfalme. Wanakubaliana vyote viwili: raba kidogo, spiriti baadaye.

Kadi inarudi, klipu mbili zinalia, betri inaingia. Nembo ya HP inatokea.

Mama anashusha pumzi. Kijana naye anashusha, kwa sababu sasa ana la kusema: “Basi ilikuwa mkono wa mdogo wako, mama. Tumemaliza.”

“Hatujamaliza,” fundi anasema. “Tumerudi pale tulipokuwa kabla ya kununua. Sasa ndiyo tunaanza.”

Anahamishia kadi ile ile kwenye sloti ya pili. Inawaka. Hatua hii mafundi wengi huiruka kwa sababu haionyeshi maajabu yoyote, lakini thamani yake ni kubwa: sasa hakuna atakayeisingizia sloti. Ndipo anaweka kadi mpya peke yake. Skrini nyeusi. Caps Lock inakonyeza mara tatu, inapumzika, inakonyeza tatu tena. Fundi anahesabu kwa sauti ili kijana asikie. Katika laptop nyingi za HP za miaka hiyo, kukonyeza mara mbili ni BIOS, yaani programu ya kuwashia mashine, mara tatu ni kumbukumbu, yaani RAM, mara tano ni ubao mama. Mwalimu anaongeza kwamba Dell nao wana lugha yao ya taa ya manjano na nyeupe: mbili kwa tatu ina maana mashine haioni RAM yoyote, mbili kwa nne RAM ina kasoro, mbili kwa tano RAM iliyowekwa haikubaliki. Mashine husema tatizo lake kabla skrini haijawaka, ila wateja wengi hawahesabu, na wauzaji wengi hawaulizi.

“Kwa hiyo RAM ni mbovu,” mama anahitimisha. “Pesa yangu.”

Kijana habishi. Anashusha kutoka rafuni Dell Latitude E6420, mashine nzito ya mwaka 2011, anafungua, anachomeka kadi ile ile iliyokataa, anabonyeza. Inawaka bila kusita na kuonyesha GB 4.

Kaunta inanyamaza.

Laptop ni nzima, imeonekana. RAM ni nzima, imeonekana pia. Na vyote viwili vikikutana, giza. Kila upande ulikuwa unasema kweli, na hiyo ndiyo sababu ugomvi wa namna hii hauishi kwa kupaza sauti. Jibu limo kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa juu ya kadi. Ile ya zamani ya mama imeandikwa PC3L-12800S. Mpya imeandikwa PC3-12800S. Tofauti ni herufi moja.

RAM ya DDR3 ya kawaida hutumia umeme wa volti 1.5. DDR3L, iliyokuja baadaye ili kupunguza ulaji wa betri, hutumia volti 1.35. Za laptop zote mbili zina pini 204, na pengo lile dogo la kuongoza uchomekaji liko mahali pale pale. Kwa hiyo mkono hauwezi kugundua kosa: kadi inaingia, inalala, klipu zinalia. Ingekuwa DDR4, yenye pini 260 na volti 1.2, au DDR5 yenye pini 262 na volti 1.1, pengo lisingekubali na mdogo wake mama angejua pale pale kwamba amebeba kitu kingine. Prosesa za kizazi cha nne za Intel za laptop nyembamba, kama hii ya EliteBook, zimetengenezwa kwa ajili ya umeme ule mdogo. Kadi yenye L inaweza kufanya kazi kwa volti zote mbili, ndiyo maana ingekaa hata ndani ya Latitude ya 2011. Isiyo na L haishuki. Zaidi ya hapo, kila kadi ina kichipu kidogo kinachotambulisha sifa zake, na BIOS ikikisoma na kukuta volti isiyo yake inaweza kukataa kuendelea.

Hapo swali linabadilika. Si tena nini kimeharibika. Sasa ni nani alipe.

Kijana anajitetea vizuri. “Ulisema DDR3, ya laptop, giga nne. Nimekupa DDR3, ya laptop, giga nne. Kosa langu liko wapi?”

“Mimi natafsiri mikataba, sitengenezi kompyuta,” mama anajibu. “Nilikuambia ni ya EliteBook.”

“Ulisema HP, mama. HP ziko mia.”

Mwalimu, ambaye printa yake imeshasahaulika, anawakumbusha kwamba Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitaka bidhaa ifanye, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambako mtu husimama bila wakili. “Kwa hiyo kesi yenu yote,” anasema, “iko ndani ya sentensi moja: mama alisema EliteBook, au alisema HP?”

“Na nani anapanda boda kwenda mahakamani kwa ajili ya RAM moja?” kijana anauliza. Mwalimu hana jibu, na haki lazima itendeke: hilo ni swali zuri.

Kwa maoni ya mwandishi, mzigo mkubwa ni wa muuzaji, hata kama mama alisema HP peke yake. Anayejua kwamba kuna L na isiyo na L ni mmoja tu kati ya wawili hao. Kuuliza “modeli gani?” na kugeuza laptop kusoma mgongo wake kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta chenji. Lakini utetezi wa kijana usidharauliwe. DDR3 si bidhaa inayokimbiliwa tena na viwanda. Nyingi zinazozunguka madukani zimetolewa kwenye mashine zilizokufa, zikachanganywa kwenye trei moja, nyingine karatasi zimechanika. Yeye naye huuziwa mbuzi kwenye gunia. Na kumbukumbu mpya zilipanda bei sana kuanzia mwishoni mwa 2025, viwanda vilipogeukia chipu za mitambo ya akili unde. Desemba mwaka huo kampuni ya Marekani ya Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya RAM iliyouzwa kwa wateja wa kawaida. Soko likibana juu, trei ya kadi kuukuu kule chini inazidi kuwa tegemeo.

“Lakini mama,” mwalimu anarudi kwa upole, “kwa nini kuitia pesa mashine ya miaka zaidi ya kumi? Windows 10 imeachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiitaki prosesa hii, inaanzia kizazi cha nane. Unajaza maji mtungi uliopasuka.”

“Mtungi mpya unaninunulia wewe, mwalimu?”

Kicheko. Fundi anamuunga mkono mama: kwa GB 8 na Linux, mashine hii itatafsiri mikataba miaka mingine. Anachukizwa, anasema, na watu wanaoona kila kilichotumika ni taka. Mwaka 2009 bajeti ya Uganda ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, friji na televisheni zilizokwisha kutumika, kwa hofu ya taka za kielektroniki. Hofu ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, fundi anauliza, aliyekusudiwa ni mwenye kontena la vyuma vibovu, au mama huyu anayetaka kufanya kazi? Ujuzi wa kaunta hizi nao umewahi kuchukuliwa kwa uzito: mtafiti Lara Houston wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, aliandika tasnifu nzima ya udaktari juu ya mafundi simu wa Kampala na jinsi wanavyojenga maarifa yao wenyewe. Mwalimu anakubali kwamba hajaisoma. Hakubali kuhusu mtungi.

Fundi akishaanza hadithi hanyamazi. Kuna mteja wa ThinkPad X240 aliyenunua kadi mbili, akafungua na kukuta sloti moja. Kuna wa MacBook Air aliyekuja na RAM mkononi, wakati mashine hizo zimechomelewa kumbukumbu kwenye ubao tangu ya kwanza ya mwaka 2008. Kuna waliolazimisha kadi moja ya GB 16 kwenye prosesa za kizazi cha nne, ambazo kwa kila sloti hazipiti GB 8. Kuna anayelia kwamba ameuziwa RAM feki kwa sababu Windows inaonyesha GB 3 na kitu, kumbe amefunga Windows ya biti 32 ambayo haioni zaidi ya GB 4. Wa siku hizi ndio wanaomchekesha: wameweka DDR5, skrini ikakaa nyeusi dakika kadhaa, wakazima kwa hofu. Mashine ilikuwa inaijaribu na kuizoea kadi mpya, jambo linalochukua muda hasa mara ya kwanza. Dawa ni kusubiri.

Kijana amekuwa akichambua trei yake wakati wote huo. Anatoa kadi, anaisogeza kwenye mwanga, anaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi: “PC, tatu, L.” Fundi anaifunga kando ya ile ya zamani. Klipu nne zinalia. Windows inafunguka na kuonyesha GB 8.

Kijana anajaribu bahati yake na nyongeza ya bei. Macho ya watu watatu yanamgeukia, anaiacha. Wanamaliza hivi: kadi kwa kadi, bila pesa kurudi na bila nyongeza, na ada ya fundi analipa mama, kwa sababu klipu iliyoelea ilikuwa ya nyumbani kwake. Si hukumu ya mahakama, lakini imegawa kosa karibu sawa na lilivyotendeka.

Mwalimu bado hajaridhika. Anataka MemTest86, programu iliyoandikwa kwanza na Chris Brady mwaka 1994, iwashwe kutoka kwenye flashi na izunguke angalau mara moja kabla mama hajaondoka. Kijana analalamika: hiyo ni saa nzima ya umeme na nafasi ya kaunta. Mwalimu anataja utafiti uliotolewa mwaka 2009 kutokana na seva za Google, ambao ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya kadi za kumbukumbu zikipata angalau kosa moja ndani ya mwaka. Hizo zilikuwa seva, zimetunzwa kwenye ubaridi. Kadi iliyotolewa kwenye maiti ya laptop na kutupwa kwenye trei ya plastiki ina haki gani ya kuaminiwa kwa kuangaliwa tu?

Mama anavuta stuli na kukaa. Programu inazunguka kwa dakika 50 na kumaliza mzunguko wa kwanza bila kosa lolote. Msomaji anayekwenda mjini kesho kutafuta RAM, abebe laptop yenyewe na chaja yake, aitoe kadi ya zamani na kuisoma, aitafute L kama ipo, na asitoe pesa mpaka aione skrini ikiwaka juu ya kaunta ile ile anaponunua.